Jeshi la Marekani changa lilipigwa na ofisi yake yenyewe

Watu wakianza kuongelea jeshi la Marekani la zamani utasikia Jenerali Washington kavuka mto, sijui mizinga, sijui bendera, basi imeisha. Mi nimeingia kwenye hii historia kwa mlango wa nyuma, mlango wa masjala, na nilichokikuta huko ni kwamba aibu kubwa za kijeshi za ile jamhuri kwenye miaka yake 30 ya mwanzo zilipikwa mezani na watu wenye kalamu, adui alikuja kumalizia tu. Huo ndo msimamo wangu na sibanduki.

Tuanzie mwanzo. Vita ya uhuru imeisha, Waingereza wameondoka 1783, na wakubwa wa taifa jipya wana hofu moja kubwa, nayo ni jeshi la kudumu. Wameshaona Ulaya, mfalme akiwa na jeshi lake mkononi raia hana kauli, wakasema kwetu hapana. Juni 1784 Bunge lao likawaaga karibu askari wote, wakabaki 80, yaani 25 wa kulinda bohari pale ngome ya Fort Pitt na 55 ngome ya West Point, na mwenye cheo kikubwa kuliko wote asizidi kapteni. Hao hawajazi mabasi mawili ya mkoani. Kesho yake wakakumbuka kumbe kuna mpaka wa magharibi unawaka moto, ikabidi waombe majimbo manne yachange watu 700.

Hofu yenyewe siilaumu, sisi tuliosoma habari za mapinduzi ya kijeshi tunajua wenzetu walikuwa wanaogopa nini. Ninachokilaumu ni kitu kingine, kwamba walipopunguza askari wakapunguza na ofisi, halafu baadaye askari wakaongezwa ofisi ikabaki vilevile. Wizara ya Vita ilianzishwa Agosti 1789, waziri wa kwanza Henry Knox, jamaa aliyekuwa muuza vitabu Boston kabla ya vita, na chini yake makarani wa kuhesabika. Hao wachache wanaandika kila barua kwa mkono, wanainakili kwenye daftari la ofisi, ile nyeti wanaitolea nakala mbili tatu zipite njia tofauti maana moja inaweza kuzama na boti au kuishia msituni, na wakati huohuo ndo wanatakiwa wajue ngome fulani ina watu wangapi, viatu vingapi, unga kiasi gani. Na wizara hiyohiyo ndo ilikuwa inashughulikia mambo ya mataifa ya wenyeji, yaani Wamarekani asilia waliokuwepo kabla ya wazungu, mikataba yao na malalamiko yao. Usishangae vitu vikipotea.

Sasa njoo 1791, mwaka ambao mimi nikiusoma nakasirika kabisa. Jenerali Arthur St. Clair, gavana wa eneo la Kaskazini Magharibi, anapewa oda aende akayapige mataifa ya wenyeji kule Ohio, ambao walikuwa wanalinda ardhi yao na wana viongozi wenye akili kweli, Little Turtle wa Wamiami na Blue Jacket wa Washawnee. Tenda ya chakula ya jeshi ilikuwa imeangukia kwa William Duer, mfanyabiashara wa New York aliyewahi kuwa msaidizi wa waziri wa fedha Alexander Hamilton pale Hazina. Duer huyo huyo ni mbia wa Knox kwenye biashara ya ardhi kule Maine. Ndiyo, umesoma vizuri, waziri na mzabuni wake wana mradi wao pembeni, na hela ya kulisha jeshi Duer akaigeuza mtaji wa kuchezea hisa. Mkuu wa vifaa naye, Samuel Hodgdon, kajichimbia Philadelphia miezi na miezi, barua za kuulizia mzigo zinakuja, majibu yanakwenda, mzigo hauendi. Ulipokuja kufika, matandiko ya farasi wa mizigo yalikuwa makubwa kuliko farasi wenyewe, mahema yanavuja, mashoka hovyo, baruti wanaoijua wakaitilia shaka. Askari wenyewe mshahara dola 3 kwa mwezi, na hapo bado makato ya nguo na hospitali.

Tarehe 4 Novemba 1791, alfajiri, karibu na mto Wabash, wakavamiwa. Zaidi ya askari 600 wakafa ndani ya masaa machache, kati ya watu kama 1,400. Hakuna kipigo kingine ambacho Marekani imewahi kupewa na wenyeji kinachofikia hicho. Na kwa jinsi barua zilivyokuwa zinatembea, habari ilichukua zaidi ya mwezi kumfikia rais Washington kule Philadelphia, yaani wiki zote hizo serikali inaendelea kupanga mipango ya jeshi ambalo halipo tena.

Kilichofuata ndo kinanifanya niseme karatasi zina nguvu kuliko tunavyodhani. Machi 1792 Bunge likaunda kamati, kamati ikasema tunataka barua zote, oda zote, hesabu zote za ile safari. Washington akakaa na mawaziri wake kujadili kama Bunge lina haki hiyo kwa sababu haijawahi kutokea, wakakubaliana kwamba rais anaweza kuzuia zile ambazo zikitoka zitadhuru taifa, ila za safari hii zitolewe. Wamarekani mpaka leo wanagombania nyaraka za ikulu na bado wanarudi kwenye kile kikao. Kamati iliposoma ikamsafisha St. Clair, lawama ikawaangukia wazabuni na Hodgdon, na Mei mwaka huohuo ununuzi wa vifaa vya jeshi ukahamishwa kutoka Wizara ya Vita kwenda Hazina, na wizara ikaletewa mhasibu wake. Duer wakati huo yuko gerezani kwa madeni, biashara ya hisa ilishamlipukia tangu Machi. Knox akaendelea na uwaziri wake mpaka mwisho wa 1794, hajaguswa, jamani.

Wapo wanaosema mfumo ulijirekebisha hapo. Kidogo sana. Anthony Wayne aliyekuja baada ya St. Clair aliwashinda wenyeji pale Fallen Timbers, Ohio, Agosti 1794 kwa sababu aligoma kuondoka kabla hajafundisha watu na kujaza maghala, na muda wote huo msaidizi wake James Wilkinson anamwandikia Knox barua za kumchongea. Wilkinson huyo alikuwa analipwa na Wahispania kupeleka siri, kwa maandishi ya mafumbo, na bado alikuja kuwa jenerali mkuu kuliko wote jeshini. 1801 akatoa oda askari wote wakate ile mikia ya nywele iliyosukwa kisogoni. Kanali mmoja mzee, Thomas Butler, mpiganaji wa vita ya uhuru, akagoma. Akashtakiwa mahakama ya kijeshi mara mbili! Barua zikaandikwa, maombi yakapelekwa Bungeni, rais akaingizwa, mpaka Butler akafa 1805 kesi ya nywele haijapoa. Kwa hiyo mtu asiniambie wino ulikuwa haba, wino ulikuwepo.

Halafu ule moto. Novemba 8, 1800, serikali ndo kwanza imehamia jiji la Washington, jengo walilopanga Wizara ya Vita likaungua na karibu kumbukumbu zote za wizara tangu ianze. Januari iliyofuata Hazina nayo ikashika moto, na kwa kuwa chama kilichokuwa madarakani kilikuwa kimeshindwa uchaguzi, magazeti ya upande wa pili yakasema hawa wanachoma ushahidi. Mi sioni kama kuna njama, ofisi za enzi zile ni mbao, meko na mishumaa, ila naelewa kwa nini watu walishuku. Kinachofurahisha ni kwamba sehemu kubwa ya zile barua imekuja kupatikana tena, watafiti walizunguka maktaba na makusanyo kukusanya nakala zilizobaki kwa waliotumiwa, na sasa zinasomeka mtandaoni. Yule karani aliyelalamika mkono unauma kuandika barua moja mara tatu ndo katuokolea historia bila kujua.

Ila moto uliacha kidonda nitakachokirudia, kwanza nimalize na 1812 maana hii ndo kali kuliko zote.

Juni 18, 1812 Marekani inatangaza vita na Uingereza. Jenerali William Hull yuko porini Ohio anaelekea ngome ya Detroit, mpakani na Kanada ya Waingereza, na watu wake. Waziri wa Vita, William Eustis, daktari kwa taaluma, siku hiyohiyo anamwandikia barua mbili. Ya kwanza inapelekwa na mjumbe maalumu, inasema harakisha uende Detroit, haisemi kitu kuhusu vita. Ya pili ndo inasema vita imetangazwa, na hiyo akaitupa posta ya kawaida kupitia Cleveland!! Hull akaipata Julai 2. Kabla haijafika, yeye kwa kudhani bado kuna amani, alishapakia mizigo na karatasi zake, orodha za askari na barua za oda humohumo, kwenye boti ya Cuyahoga itangulie Detroit kwa maji. Waingereza wa pale Amherstburg, upande wa Kanada, walikuwa wameshapata habari ya vita, wakaikamata boti, wakakaa wakasoma nguvu yote ya Hull kwenye makaratasi yake mwenyewe. Kwenye ngome ya Wamarekani ya Mackinac, kaskazini zaidi, ndo usiseme, kamanda alijua kuna vita Julai 17 Waingereza walipokuja kumwambia ajisalimishe.

Agosti 16 Hull akaisalimisha Detroit bila mapigano ya maana. Alikuwa mzee, aliogopa, sikatai, amri ya kujisalimisha ni yake. Lakini 1814 mahakama ya kijeshi ikamhukumu kupigwa risasi, rais Madison akamsamehe kwa kukumbuka alivyopigana zamani, na Eustis je? Alijiuzulu Desemba 1812, baadaye akawa balozi Uholanzi na gavana wa Massachusetts. Aliyepokea barua imechelewa kahukumiwa kifo, aliyeituma kapandishwa.

Ukarabati wa kweli ulikuja na John C. Calhoun, aliyeshika wizara Desemba 1817. Huyu mtu siasa zake za kutetea utumwa zinanitia kichefuchefu, ila kwa kazi ya ofisi alikuwa mashine. Sheria ya Aprili 1818 ikaweka wakuu wa idara wanaokaa makao makuu, wa chakula, wa tiba, wa vifaa, kila mmoja na hesabu zake. Thomas Jesup akapewa vifaa akakaa navyo miaka 42 mpaka alipokufa 1860. Wale wazabuni wa kulisha askari wa kina Duer wakaondolewa, jeshi likawa linanunua na kugawa chakula lenyewe.

Na mwaka huohuo wa 1818 ndo ule moto ukadai deni lake. Bunge likapitisha pensheni kwa maveterani maskini wa vita ya uhuru, uthibitishe ulitumikia miezi tisa. Uthibitishe na nini? Walioumia vitani na kuomba kabla ya 1800 karatasi zao ziliungua, wengi mpaka leo kwenye kumbukumbu wana kadi tu inayosema walikuwa na ulemavu na nyaraka hazipo. Vikongwe wakaanza kwenda mahakamani na mashahidi wao, kula kiapo, kutaja makapteni waliokufa zamani. Waliofuatilia mafao ya mzazi huku kwetu, ukaambiwa faili halionekani njoo wiki ijayo, wanaijua hiyo safari. Maombi yalipozidi Bunge likaogopa gharama, 1820 likataka kila mzee aandike orodha ya mali zake, ng'ombe, sufuria, viti, madeni, ili ionekane kama kweli ni maskini, na maelfu wakafutwa. Ikabidi 1823 itungwe sheria nyingine ya kuwarudisha baadhi yao, na wapo waliokuwa wameshakufa.