Deni sio jinai, acheni kuwageuza polisi madalali

Jana kwenye grupu moja la WhatsApp jamaa katuma voisi ndefu anajisifu. Kuna mtu yeye alimkopesha hela, hajalipwa, basi kaenda kituo cha polisi "akaongea nao vizuri", mdeni akalazwa ndani, asubuhi ndugu zake wakachanga hela ikapatikana. Watu wanashangilia balaa. Mimi nikauliza tu, kosa lake la jinai lilikuwa lipi? Nikajibiwa "si amekula hela ya mtu". Haya.

Jamani, mmekubaliana wenyewe, wewe unatoa hela, yeye anarudisha tarehe fulani, tarehe imefika hana. Hiyo ni kesi ya madai, unafungua kwa jina lako, unapeleka mkataba wako na meseji zako, ukishinda unalipwa hela yako na pengine riba na gharama juu. Jinai ni nyingine kabisa, pale anayeshtaki ni serikali na wewe unabaki shahidi, ndo maana hata ukimsamehe mwizi wako kesi inaweza kuendelea bila wewe kupenda. Na sio mimi ninayetunga, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 11, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa kimkataba. Halafu hebu niambie, hiyo hela iliyopatikana asubuhi imetoka kwa nani? Kwa mama mtu na dada zake, ambao hawakukopa wala hawakusaini popote! Umemdai mmoja umekamua ukoo mzima, na ukiitwa mtekaji utakasirika. Na siku ukigombana na mwenye hela kukuzidi, naye akaenda "kuongea vizuri", utalia kwa nani?

Sawa, kesi za madai zinachosha, hilo siwezi kubisha, unaahirishiwa weee, unashinda, halafu unaanza upya kukazia hukumu, yaani kurudi mahakamani ili mdeni alazimishwe kulipa. Na kama mtu alikudanganya tangu mwanzo, kakuuzia kitu ambacho sio chake, huo ni utapeli, nenda polisi mbio.

Ila tukio moja linaweza kuzaa kesi zote mbili, na hapa ndo watu huchanganyikiwa. O.J. Simpson, yule nyota wa zamani wa futiboli ya Kimarekani, 1995 aliachiwa kwenye mashtaka ya kumuua mtalaka wake na rafiki wa huyo mama, 1997 kwenye kesi ya madai ya familia za marehemu akaonekana anawajibika, alipe dola milioni 33.5. Mahakama imejipinga? Wala. Jinai inataka uthibitishe bila kuacha shaka, madai inatosha mizani ikiinamia kwako. Tena kwenye jinai alikaa kimya, haki yake, kwenye madai ilibidi ajibu, akakana kuwahi kuwa na viatu vya aina ile iliyoacha alama eneo la mauaji, zikaibuka picha kavivaa!

Sehemu kubwa ya deni lile haikulipwa mpaka anafariki 2024, na hakufungwa kwa ajili yake. Kilichomfunga ni kwamba 2007 aliingia na wenzake kwenye chumba cha hoteli Las Vegas, wengine wana bunduki, kwenda kuchukua vitu alivyosema ni vyake mwenyewe. Hakufungua madai, alijichukulia. Akapigwa miaka 9 hadi 33, akatoka 2017.