Weusi wa kahawa si nguvu yake

Wiki iliyopita, kwenye duka moja la Mikocheni, nilinunua pakiti ya kahawa aina ya arabika ya Kilimanjaro. Kwa nje zimechorwa punje tano za kuonyesha nguvu, zote zimejazwa rangi, na chini yake imeandikwa: kali sana. Nikaifungua nyumbani. Buni nyeusi tii, zinang'aa mafuta, zinanuka moshi. Nilikasirika, na bado nina hasira.

Jamani, kafeini, ile inayofukuza usingizi, haiongezeki kwa kuunguza. Moto wa kukaangia unaigusa kidogo sana. Ukipima kwa gramu, kahawa iliyokaangwa kidogo na iliyokaangwa sana zinakaribiana mno. Ukipima kwa kijiko, ile ya kahawia hafifu ndiyo inayoweza kuzidi kidogo, kwa sababu punje zake ni ndogo na nzito, wakati nyeusi zimevimba na kuacha karibu moja ya tano ya uzito wake motoni. Anayetaka kukesha anunue aina nyingine, robusta ya Kagera, yenye kafeini karibu mara mbili ya arabika. Uchungu ni habari nyingine kabisa.

Kinachobadilika ni ladha, na hapo ndipo panaponiuma. Joto likikaribia nyuzi 200, buni zinaanza kualika. Ukiziepua muda mfupi baada ya hapo, unakunywa shamba lenyewe: ule uchachu mtamu wa arabika ya milimani, harufu ya maua au ya limau, vitu vilivyokuja kwa sababu kule juu kuna baridi na tunda linaiva polepole. Ukiziacha hadi zialike mara ya pili, kwenye nyuzi 225 hivi, asidi nyingi zimeshavunjika, sukari imeungua na mafuta yameanza kutoka nje. Ukizidi kuendelea, unakunywa moto tu. Ya Rombo, ya Mbinga, ya Mbozi, zote zinakuwa kitu kimoja, kama nyama choma iliyogeuka mkaa, hujui tena kama ilikuwa mbuzi au ng'ombe.

Mfikirie mkulima. Anachuma tunda jekundu, la kijani analiacha, atalirudia likiiva. Anamenya siku hiyohiyo, anachachusha, anaosha, anaanika kwenye vichanja, anageuza kutwa, anachambua mbovu kwa mkono, wingu likitanda anakimbia kufunika. Kazi yote hiyo ni ya kulinda ladha. Kisha kahawa inashuka Dar, tunalipia jina la mlima, huku tukiwa tumeshachoma kile kilichoupa mlima jina. Huko ni kumdharau mtu na jasho lake. Tena, moto mkali unaficha mengi: buni ya daraja la chini ikikaangwa hadi nyeusi, ni wachache watakaoitofautisha na AA, ile ya daraja la juu. Mnunuzi aliyetoa pesa ya AA ana haki ya kuionja.

Na hali ya hewa yetu je? Mafuta yaliyotokea juu ya punje yanachacha mapema, na kwa joto hili la pwani kahawa nyeusi haivumilii kukaa dukani miezi na miezi. Pakiti yangu haikuwa hata na tarehe ya kukaangwa.

Wazee wa vijiwe vya Kariakoo na Magomeni wasinielewe vibaya. Kahawa ya kwenye dele inakaa juu ya mkaa muda mrefu, inanywewa bila sukari, kashata pembeni, mara nyingine na tangawizi. Ile ya kahawia hafifu ingeishia kuwa chachu tupu humo. Pale weusi una kazi yake, na wanaoikaanga wanajua wanachofanya. Na ya maziwa, haya, nakubali: maziwa yanameza ladha nyepesi zote.

Lakini anayekunywa arabika ya mlimani kavu, bila maziwa, amuulize muuzaji imetoka wilaya gani, imekaangwa lini na imekaangwa kiasi gani. Asiyeweza kujibu, abaki na pakiti yake. Ukipata iliyokaangwa kidogo, isage laini kuliko ulivyozoea, kwa kuwa punje zake ni ngumu na hazitoi ladha upesi, na utumie maji yaliyotoka tu kuchemka. Ionje kwanza kabla hujagusa sukari.