Aspirini ya kila siku: nani kawaambia?

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo imeingia tena ile sauti. Mnaifahamu. Mwanamume mwenye sauti nzito, anajiita daktari bingwa wa moyo bila kutaja jina wala hospitali, anasema kila aliyevuka miaka 50 ameze aspirini ndogo kila usiku "damu iwe nyepesi", na hapo atakuwa ameagana na shambulio la moyo pamoja na kiharusi. Hazikupita dakika tano, shangazi wawili wameshaweka vile viganja vya kushukuru, binamu kaandika "barikiwa mtumishi", na mjomba anauliza duka gani lina bei nzuri. Nikaweka simu chini. Ningejibu pale pale ningevunja undugu, kwa hiyo najibia hapa.

Imani hii ina asili yake, na asili yenyewe ni ya heshima kabisa. Mwaka 1989 yalitoka matokeo ya utafiti wa madaktari 22,071 wa Marekani, wote wanaume. Walipangwa kwa bahati nasibu, nusu wakawa wanameza aspirini siku moja na kupumzika siku moja, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa ndani. Mashambulio ya moyo yalipungua kwa asilimia 44. Dunia nzima ikashangilia, na hadi leo bado tunacheza ngoma ile ile. Ila jedwali la utafiti ule ule lina mstari ambao wapiga debe hawausomi: waliokufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu walikuwa 81 upande wa aspirini, na 83 upande wa kidonge kitupu. Themanini na moja kwa themanini na tatu! Hapo hata kikokotoo hakihitajiki.

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Nimewahi kufanya kazi ya kuingiza takwimu za utafiti hospitalini. Fomu ya kifo ina visanduku: moyo, kiharusi, saratani, kuvuja damu, mengineyo. Inakaa kamati ya madaktari ambao hawajui marehemu alikuwa anameza dawa au kidonge kitupu, wanapekua faili, wanaamua tiki iende wapi. Wakati mwingine faili lenyewe lina maneno mawili tu, "alifia nyumbani", na hao mabingwa wanatakiwa watoe humo sababu. Sisemi wanabahatisha. Nasema kisanduku cha "moyo" kina ubishi, ila swali la yu hai au amekufa halina. Dawa ikipunguza vifo vya moyo halafu ikaongeza vya tumbo kwa idadi ile ile, mabango yataandikwa "inalinda moyo", na makaburi yatabaki mangapi? Yale yale. Marehemu hana idara.

Ndiyo maana naupenda utafiti wa ASPREE, ambao hakuna anayeusambaza kwenye makundi ya ukoo. Ni wazee 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wao wa miaka 70 na kuendelea, ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo wala historia ya kiharusi. Yaani watu wa aina ya shangazi zangu. Nusu walipewa aspirini ya miligramu 100 kila siku, nusu kidonge kitupu, wakafuatiliwa karibu miaka mitano. Matokeo yalitoka 2018. Kwenye magonjwa ya moyo na mishipa hakukuwa na nafuu ya maana. Kwenye kuvuja damu kwa hatari, upande wa aspirini kulikuwa na matukio 8.6 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, upande wa pili 6.2. Na vifo vya sababu zote, ule mstari wangu usio na ubishi, vilikuwa 12.7 kwa 11.1. Waliomeza kinga ndio waliokufa zaidi.

Haya, nakubali kwa shingo upande: sehemu kubwa ya vifo vile vya ziada iliandikwa saratani, jambo lililowashangaza watafiti wenyewe, na wao ndio wa kwanza kusema lipokelewe kwa tahadhari. Sawa. Lakini hata ukifuta vifo vyote hivyo, hicho kinacholindwa kiko wapi? Mwaka 2022 jopo la wataalamu linaloishauri Marekani juu ya kinga ya magonjwa lilisema bayana kwamba mtu wa miaka 60 na zaidi asianzishiwe aspirini kwa ajili ya kujikinga na shambulio la kwanza. Marekani wenyewe, waliotuuzia wazo, wamerudi nyuma. Sisi bado tunatumiana sauti.

Na msiniambie "ile yenye ganda haigusi tumbo". Waliyopewa wazee wa ASPREE ilikuwa na ganda, na walivuja damu vilevile. Aspirini haidhuru tumbo kwa kulikwangua tu. Ikishaingia kwenye damu inazilemaza chembe sahani, zile zinazoganda kuziba jeraha, na kila chembe iliyoguswa haiponi mpaka ife yenyewe baada ya siku saba hadi kumi. Wakati huohuo inapunguza kemikali zinazolifanya tumbo lijipake ute wa kujikinga na tindikali yake. Kwenye mshipa wa moyo, damu kutoganda ni neema. Kwenye kidonda cha tumbo ni msiba, na kidonge hakichagui kwa kwenda.

Baba yangu mdogo alikuwa na magoti. Miaka mingi alinunua diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo nayo huumiza tumbo, duka la dawa pale mtaani bila cheti, kama anavyonunua chumvi. Kisha jirani aliyepona kiharusi akamshauri aongeze aspirini ndogo, akaongeza. Dawa za presha alizoandikiwa kliniki ndizo alizokuwa akiruka, kwa sababu presha haimuumi. Vidonge vyote vilikaa kwenye kopo moja la Blue Band, vimekatwakatwa, huoni jina wala tarehe ya mwisho. Choo kilipoanza kutoka cheusi kama lami, dalili ya damu kuvuja tumboni, alisema ni kisamvu. Akaanguka bafuni. Hospitali wakauliza anatumia dawa gani, mke na watoto wakajibu kwa kauli moja: za presha. Hakuna aliyetaja aspirini, kwani aspirini nayo ni dawa? Alifariki asubuhi yake. Msibani kila mkono tulioushika ulituambia presha ndiyo imemchukua, na mpaka leo kwenye hesabu za ukoo wetu ameandikwa hivyo.

Diklofenaki juu ya aspirini, kwa mtu wa miaka 70, bila dawa ya kulinda tumbo. Mfamasia yeyote aliye macho angemzuia mlangoni. Basi.

Linalonikera zaidi ni kwamba tumbo la Mwafrika halikuwamo kwenye hesabu hizi. Wale bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, wanaishi ndani ya zaidi ya nusu ya watu wazima Afrika. Uingereza walifanya utafiti unaoitwa HEAT kwa watu wa miaka 60 na zaidi wanaotumia aspirini. Waliwapima kwa pumzi watu 30,166, wakawakuta 5,367 wana bakteria hao, chini ya mmoja kati ya watano. Nusu yao wakapewa dozi ya wiki moja ya kuwaua. Kwa miaka miwili na nusu ya mwanzo, waliolazwa au kufa kwa kuvuja damu kwenye vidonda walikuwa 6 upande uliotibiwa na 17 upande wa pili. Baadaye tofauti ikafifia, ni kweli. Sasa chukua watu ambao zaidi ya nusu wana bakteria hao, diklofenaki inapatikana kila kona, kipimo cha kamera ya tumboni kipo hospitali chache za mjini, damu ya kuongezewa mpaka ndugu wajitokeze kuchangia. Ile 8.6 ya kuvuja damu ya wazee wa ASPREE itakuwa ngapi huku? Anayewahimiza wazazi wetu wameze angalau angeanza na swali hilo.

Kabla mtu hajamtupia bibi vidonge vyake shimoni: aliyekwisha kupata shambulio la moyo, au kiharusi cha mshipa kuziba, au aliyewekewa kile kibomba cha kuzibua mshipa wa moyo, asiache aspirini kwa sababu ya blogu. Huyo ni mwingine kabisa. Utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, wagonjwa 17,187 walioshukiwa kupata shambulio la moyo, ulionyesha aspirini ya mwezi mmoja ikipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23. Hapo nasalimu amri. (Wahariri walitaka matokeo yachambuliwe kwa vikundi vidogo vidogo, watafiti kwa kejeli wakawagawa wagonjwa kwa nyota za kuzaliwa: aspirini ikaonekana haiwafai Mapacha na Mizani. Jedwali likachapishwa hivyo hivyo. Nawapenda watu wale.)

Kwa presha, dawa ni dawa za presha, na aspirini si mojawapo. Utafiti wa CREOLE wa 2019 ulifanywa kwa Waafrika weusi 728 wa nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo, na mchanganyiko wenye amlodipini, mojawapo ya dawa za presha, ndio ulioshusha presha vizuri zaidi. Amlodipini hiyo ndiyo baba mdogo aliyokuwa akiiruka. Tena kiharusi cha mshipa kupasuka kina sehemu kubwa zaidi kwetu kuliko Ulaya. Mwenye presha isiyodhibitiwa anayejiongezea aspirini ajiulize, mshipa ukipasuka kichwani, hiyo damu nyepesi itamsaidia nini?

Wafadhili wanaokuja kila mwaka na miradi ya "uhamasishaji wa afya ya moyo", fulana na mbio za kilomita tano, wangelipia HEAT moja tu huku kwetu. Wagonjwa hawatakosekana. Wapite tu kwenye kundi letu la ukoo, mjomba ameshapata duka.