Alama 100 ya mashine haimaanishi asiyeona ataweza kumaliza fomu

Siku hizi ukimuuliza developa kama tovuti aliyotengeneza inatumika na watu wenye ulemavu anakutumia skrinshoti ya Lighthouse, programu ya Google ya kupimia tovuti, kaduara ka kijani kameandikwa 100, mambo yameisha. Upande wa pili wapo wanaosema hiyo alama peke yake haitoshi, lazima akae mtu asiyeona, au asiyeweza kushika maus, aitumie tovuti kuanzia kujisajili mpaka mwisho ndo tuseme inatumika. Hawa wa pili wanaonekana wasumbufu, watu wa kuchelewesha projekti na kuongeza gharama. Mi naona hawajaeleweka, na hapa kwetu Tanzania hoja yao ina uzito kuliko hata huko Ulaya.

Nianze na wa mashine, manake hoja wanayo. WebAIM, taasisi ya Marekani inayoshughulikia tovuti kutumika na watu wenye ulemavu, kila mwaka inapima kwa mashine kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja maarufu. Mwaka 2019 walikuta asilimia 97.8 zina makosa, 2025 zikawa 94.8, yani miaka sita yote zimepungua pointi tatu tu. Na makosa yenyewe ni yaleyale: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, sehemu za kujaza zisizo na lebo, linki tupu, batani tupu, lugha ya ukurasa haijaandikwa. Aina hizo sita zinabeba asilimia 96 ya makosa yote waliyoyaona. Mashine inayakamata hayo kwa sekunde, bure, na developa aliyeko Mbeya na bando lake la kuungaunga anaweza kuyarekebisha leo jioni bila kumlipa mtu. Kwa hiyo anayesema programu za kupimia hazina maana anakosea.

Ila zinaona kiasi gani? Kampuni ya Deque, wenye programu ya kupimia iitwayo axe, walitoa takwimu kwamba programu yao inakamata asilimia 57 ya makosa, na hiyo 57 naiona inatajwa sana. Shida ni namna ilivyohesabiwa, kila tukio limehesabiwa peke yake. Ukurasa ukiwa na picha 50 hazina maelezo hayo ni makosa 50, na mashine imeyapata yote 50, asilimia inapanda. Mwaka 2017 watu wa huduma za kidijitali za serikali ya Uingereza walipima kwa njia nyingine, wakatengeneza ukurasa mbovu makusudi, wakaweka ndani yake vikwazo 142, halafu wakaupitisha kwenye programu mbalimbali. Iliyofanya vizuri kuliko zote iliona karibu asilimia 40, na asilimia 29 ya vikwazo havikuonwa na programu hata moja. Miaka miwili baadaye Manuel Matuzović, developa wa Austria, akatengeneza ukurasa ambao karibu hakuna mtu angeweza kuutumia, sio kwa kibodi, sio kwa maus, sio kwa programu ya kusoma skrini (ile inayomsomea asiyeona kwa sauti), na Lighthouse ikaupa 100.

Na hata tukikubali hiyo 57, mtu anayejaza fomu hajali asilimia. Fomu ya kuomba mkopo wa chuo ikiwa na hatua nane, saba zikawa safi kabisa, halafu batani ya mwisho ya kutuma haifikiki kwa kibodi, yule kijana hajaomba mkopo. Au muda unaisha anatolewa nje wakati bado anasikiliza maelekezo ya hatua ya tano, anaanza upya. Kwake tovuti imefeli yote.

Sasa njoo kwenye Kiswahili, hapa ndo huwa naumia. Tovuti zetu nyingi zinajengwa juu ya templeti za Kiingereza, na juu kabisa ya ukurasa kuna mstari unaoitambulisha lugha, umeandikwa lang="en", hakuna anayeugusa. Programu ya kupimia inauliza vitu viwili tu, je lugha imeandikwa, je kifupisho ni halali. "en" ni halali, kijani, twende. Asiyeona anafungua ukurasa uleule na NVDA, programu ya kusoma skrini ambayo ni ya bure na sauti yake ya eSpeak Kiswahili inakijua, lakini NVDA inatii ile en na kuanza kusoma "Jina la baba", "Tarehe ya kuzaliwa" kwa matamshi ya Kiingereza, unasikiliza na huelewi unaulizwa nini. Dawa yake ni herufi mbili, sw. Zinaweza kukaa miaka bila kubadilishwa kwa sababu ripoti inasema kila kitu kiko sawa, na mtu wa kwanza ambaye angeligundua hilo hajawahi kuitwa.

Chukua na kontrol namba ya malipo, tarakimu 12 zimeandikwa mfululizo. Sauti nyingine zinaisoma kama kiasi cha fedha, bilioni mamia kadhaa na milioni kadhaa, sasa mtu aiandike vipi kwenye simu akalipe? Hakuna kosa lolote kwa mashine. Mtu mwenye masikio analijua ndani ya dakika moja.

Wenye hofu ya gharama nawaelewa, bajeti za tovuti huku ni ndogo na deadlaini ni za ghafla. Wengine wanaona bora wanunue zile programu za kubandika juu ya tovuti zinazoahidi kurekebisha kila kitu zenyewe. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba accessiBe, moja ya kampuni zinazoziuza, italipa dola milioni 1 kwa madai kwamba bidhaa yao inaweza kuifanya tovuti yoyote itimize viwango vya kutumika na watu wenye ulemavu. Bora hizo hela zingeenda kwa wapimaji.

Mi ningependa hili liingie kwenye zabuni zenyewe, hasa za serikali, kwa sababu ajira za serikali na mikopo siku hizi zinaombwa mtandaoni na asiyeweza kuingia hana dirisha lingine la maana. Iandikwe kwamba programu ya kupimia inapita kwanza na makosa yote iliyoyaona yanaisha kabla hajaitwa mtu, tusiwachoshe watu na vitu ambavyo mashine ingeviona. Halafu waje watu watatu au wanne, asiyeona, mwenye uoni hafifu, asiyetumia mikono vizuri, kiziwi kama kuna video, wamalize kazi yote mpaka risiti, kwa Kiswahili, kwenye simu zao wenyewe. Walipwe kama mpimaji mwingine yeyote wa mfumo anavyolipwa, sio nauli na soda, na malipo ya mwisho ya mkandarasi yasitoke mpaka ripoti yao imefika.