Msiilaumu Perl, konfigi yenyewe hamjaisoma

Jana nimekaa mpaka saa tano usiku natafuta kwa nini orodha yetu ya IP haiendani na mtandao wenyewe, kumbe shida ni kaskripti (kaprogramu kafupi) ka lugha ya Perl ambako ofisi nzima inakaamini. Imenikera jamani, na zaidi wenzangu wanaposema kosa ni la Perl.

Kaskripti kanasoma konfigi (maandishi ya mipangilio) ya rauta za Cisco laini moja moja, kakikuta `ip address` kanabeba kinachofuata halafu kanasubiri intafesi nyingine (kiunganishi kingine cha rauta na mtandao). Sasa aliyeshika IOS, mfumo wa rauta za Cisco, anajua, intafesi ikiwa na anwani mbili ile ya `secondary` (ya pili) ndo inaandikwa juu, ile kuu inakaa chini yake. Kwa hiyo kila tulipoongeza anwani ya pili, orodha imebeba ya pili na ile kuu imeachwa. Mbaya zaidi ni intafesi ya Vlan1, ina `no ip address`, haina kitu, basi kaskripti kakaendelea kushuka hadi kwenye route-map (kanuni za njia za mtandao) huko chini, kakakuta `match ip address 101`, kakaandika kwamba IP ya Vlan1 ni 101. Namba ya access-list, ile orodha ya kuruhusu na kuzuia, si IP!

Konfigi ni mafungu, na ile nafasi moja mwanzoni mwa laini ndo inayokwambia bado uko ndani ya fungu. Laini ikianza bila nafasi, fungu limeisha, sahau jina la intafesi uliyokuwa umeishika. Hiyo tu. Kwenye Perl ni `^\S` (laini isiyoanza na nafasi) unafuta `$intf`, palipo na jina la intafesi, na anwani unaitafuta kwa `^ ip address` yenye alama ya mwanzo wa laini, ukiangalia na neno `secondary` mwishoni. Na msitafute `no shutdown`, amri ya kuwasha intafesi, rauta haiiandiki, intafesi isiyo na `shutdown` ndo iliyo wazi.

Wenzangu wanasema tuhamie Python. Sawa, Python ni nzuri, na NETCONF, njia ya kuchukua mipangilio ya vifaa ikiwa imepangwa tayari, ipo tangu 2006, ila rauta zetu za zamani zinatoa maandishi tu, na ukiyasoma vibaya kwa Python majibu yatakuwa yaleyale. RANCID, programu ya kuhifadhi konfigi za vifaa vya mtandao, sehemu kubwa ni Perl na watu wametunza nayo konfigi miaka na miaka.

Leo asubuhi nimekarekebisha kaskripti nikakarun upya, Vlan1 imetoka tupu kama inavyotakiwa. Ila kuna sheria za firewall (ukuta wa kulinda mtandao) zilizoandikwa kutokana na ile orodha ya zamani, na hizo inabidi tuzipitie moja moja kwa mkono, naanza jioni hii.