Meno bandia ya wazee: magego ya ncha au bapa?

Wazee wengi wa Uyole au Mafinga wanaoagiza seti nzima ya meno bandia huulizia mahindi ya kuchoma. (Wayapukuchue kwanza. Kung'ata gunzi kwa meno ya mbele huing'oa karibu seti yoyote.) Swali gumu zaidi ni la magego: yawe na ncha, au bapa?

Chanzo cha ubishi kiko mbele ya sikio, kwenye kiungo cha taya. Ukisogeza taya la chini mbele, vichwa vyake viwili haviendi mlalo bali vinateremka, kama lori kwenye mlima Kitonga: dereva anafuata mteremko aliokuta. Kwa wastani ni kama nyuzi 30, ila watu hutofautiana sana, na hata kulia na kushoto kwa mtu mmoja. Taya likishuka hivyo, magego huachana; daktari wa meno Christensen alieleza jambo hilo mwaka 1905. Mwenye meno yake hapati shida. Kwenye meno bandia, ya mbele yakibaki yanagusana peke yake, seti ya juu huachia nyuma.

Ndiyo maana wapo wanaotetea magego ya ncha, zenye mteremko wa nyuzi 33 au 20, yaliyopangwa kwa mkunjo ili yaendelee kugusana taya linapotembea. Yanapenya nyama vizuri, hilo halina ubishi. Lakini kila ncha ina mteremko wake, nao husukuma seti pembeni. Tuta la ufizi likiwa limesinyaa, kama lilivyo kwa wengi waliokaa miaka bila meno, seti ya chini inacheza. Magego bapa hukandamiza wima na husamehe kosa dogo la kipimo, ingawa kutafuna kunakuwa kwa kuponda zaidi.

Mimi naegemea bapa kwa ufizi uliosinyaa. Tena, maabara inayoigiza mwendo wa taya kwa kifaa cha bawaba tu, kinachofunguka na kufunga bila kuweza kusogea mbele, ikipanga nyuzi 33 inabahatisha.

Mvutano halisi, hata hivyo, huwa kwenye meno ya mbele. Bibi anayataka marefu, yaonekane akicheka kwenye harusi ya mjukuu. Yakifunika sana ya chini, taya hulazimika kushuka zaidi ndipo lipite, na pengo la magego linaongezeka. Mteremko wa kiungo daktari haugusi. Huu wa meno ya mbele anaweza kuupunguza. Afadhali amwonyeshe bibi hilo kwenye majaribio ya nta, meno yakiwa bado yanahamishika, kuliko kuyachonga baadaye.