Kitambi cha Mwenyekiti

Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumapili, hata uso sijanawa, nakuta sauti tatu WhatsApp. Ya kwanza ya mwenyekiti wa kamati: "Kijana wangu, zile picha za kuingia ukumbini, suti ilinibana. Kitambi kipunguze, ila isiwe sana, watu wananijua." Ya pili ya shangazi wa bibi harusi, yeye ni jasho na shingo. Ya tatu ya mweka hazina, tena huyu ananong'ona kama yuko msibani: kwenye picha ya meza kuu ameshika mapaja mawili ya kuku, kila mkono na lake. Nimtolee moja. Wote watatu wakamalizia vilevile: "Iwe siri yetu."

Nikawajibu wasiwe na wasiwasi. Vunja kamati ni Jumamosi inayofuata, picha zitaonyeshwa kwenye TV zikiwa safi.

Jumatano usiku nipo picha ya 212 kati ya 640. Sasa, programu niliyokuwa natumia hainunuliwi, unapangishwa. Kila mwezi wenyewe wanakata dola zao kwenye kadi ya mtandaoni niliyoifungua kwa simu, na mimi kila mwezi natakiwa nikumbuke kuweka hela kabla hawajapiga hodi. Mwezi ule dola ilikuwa imepanda, salio likapungukiwa na hela ya nauli ya daladala mbili tatu. Vitufe vyote vya kusahihisha vikawa vya kijivu. Picha naziona, kuzigusa marufuku. LUKU ikiisha unakaa gizani lakini balbu ni yako. Hapa hata balbu ilikuwa ya kwao.

Ningeongeza salio yakaisha, ila nilishapandwa. Nikaenda kwenye akaunti nijitoe kabisa. Kumbe nilikubali mkataba wa mwaka mzima unaolipwa kidogo kidogo, na ukitoka katikati unalipa nusu ya miezi iliyobaki! Mwenye nyumba wangu hapa Sinza anataka kodi ya miezi sita mkononi, na bado hajafikia ujuzi huo.

Jirani yangu fundi kompyuta akaniletea flash yenye programu ileile, "iliyovunjwa", bure. Nikamrudishia na shukrani. Flash ya namna hiyo ilishawahi kunilia picha za kipaimara cha watu, nikahama njia ya kanisani mwezi mzima.

Ndipo nikapakua GIMP, programu nyingine ya kurekebisha picha. Hii ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley kule Marekani mwaka 1995, na mpaka leo hakuna anayekudai senti. Nikaiwekea faili za RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyozinasa, ikaniambia hizo yenyewe haizifungui, nitafute programu ya kuzisoma, kama darktable. Nikapakua na darktable. Nayo bure. Nikaanza upya humo humo kwenye darktable, kuanzia picha ya kwanza, maana kazi ya zile 212 ilibaki rumande.

Usiku wa kwanza nilitukana. Kila kitufe kimehama, kama umeamkia kwa shemeji na unatafuta choo gizani. Usiku wa pili nikanogewa. Kuna kifaa cha kusukuma picha kama unga wa chapati. Nikalishika tumbo la mwenyekiti kwa mausi, nikalisukuma ndani taratibu, vifungo vya koti vikalegea vikakaa sawa. Nikasukuma tena kidogo, mlango wa ukumbi nyuma yake ukapinda. Nikarudi hatua moja. Shangazi nikamfuta jasho, shingo nikainyoosha. Paja la kuku nikalizika chini ya kipande cha kitambaa cha meza. Alfajiri ya Jumamosi nikanakili folda nzima kwenye flash, nikalala kama mfalme.

Jioni, baa ya bustani, mbuzi yuko kwenye moto, kamati yote imekaa. Nikachomeka flash. Picha ya kwanza: kitambi. Chote, na kifungo kimoja kinapigania uhai wake. Nikadhani TV imevuta upana. Picha ya pili: shangazi, jasho limechora mto Rufiji kuanzia kipajini hadi kidevuni. Watu wakaanza kucheka. Ya tatu: mapaja mawili. "Eeh, mweka hazina!" mtu akapaza sauti. "Kumbe ndiyo maana meza yetu kuku hakufika!"

Nilikuja kuelewa nikiwa nimesimama palepale na rimoti. Kamera yangu huandika kila picha mara mbili, RAW na JPG. Darktable haigusi picha ya asili. Kila ulichofanya inakiandika pembeni kwenye kijifaili chenye mkia wa .xmp, mpaka wewe mwenyewe uiamuru itoe picha mpya. Sikuamuru. TV ikasoma zile JPG kama zilivyotoka kwenye kamera. Yaani nimepeleka shughulini nyama mbichi na karatasi ya mapishi.

Nikajieleza. Programu ya kulipia ilinifungia, nikahamia nyingine, ndiyo haya. Mwenyekiti akasimama, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Hiyo ya kulipia ni shilingi ngapi kwa mwezi?"

Nikataja.

"Ndugu wajumbe, kabla hatujavunja kamati, kuna mchango mmoja wa mwisho."

Nilifungua mdomo niseme kwamba kilichokosekana ni kubonyeza kitufe kimoja tu, na hii mpya ni bure. Nikamwona mweka hazina anatoa daftari haraka kuliko nilivyowahi kumwona tangu vikao vianze. Nikaufunga.

"Mimi niandike elfu ishirini," akasema shangazi. "Lakini aanze na shingo."